Ramani ya karatasi ndani ya mashua yenye unyevu: karatasi, plastiki au mfuko?

Karibuni, watazamaji. Mezani hapa nina ramani mbili za baharini zinazoonyesha Mkondo wa Pemba pamoja na mfuko mmoja wa plastiki angavu, na vyote vitatu nimevitumia mwezi Mei, masika ikiwa imekolea, katika safari ya mashua ya tanga kutoka Tanga hadi Mkoani, kisiwani Pemba, mwendo wa karibu maili 40 za baharini. Katika safari hiyo mtu huenda joshi, upepo wa kusi ukimpiga usoni na maji yakimsukuma kaskazini, na kila wimbi linapopasuka omoni, mbele ya mashua, manyunyu hufika hadi kwenye meza ya ramani. Simu niliyo nayo, ikilowa, huhesabu kila tone la mvua kuwa ni kidole, kwa hiyo karatasi bado inanifaa.

Nianze na ramani ya Admiralty, yaani ya idara ya ramani za baharini ya Uingereza, ya karatasi nzito ya kawaida. Ikiwa kavu sijapata mshindani wake: penseli ya 2B huacha mstari mweusi bila kukandamizwa, na kifutio hakichubui. Ikinywa unyevu hutanuka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu ya mlalo wa nyuzi zake, na ndiyo maana umbali nausoma kwa bikari kwenye kipimo cha latitudo kilicho ubavuni mwa karatasi hiyo hiyo, ambacho nacho kimetanuka, wala siusomi kwa rula ambayo haikutanuka. Hata hivyo tofauti hiyo ni ndogo. Linaloudhi zaidi ni penseli, ambayo juu ya karatasi mbichi haiandiki bali huchimba.

Sasa tazameni kona hii kwa karibu. Hilo doa lenye ukingo mweupe ni maji ya bahari. Niliianika juani mchana ikawa kavu kama chapati ya jana, lakini usiku ilikuwa imelowa tena ingawa hakuna tone lililoigusa. Chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewani, kama vile chumvi ya kopo la jikoni inavyolowa wakati wa mvua. Kuianika tu, basi, ni kazi bure. Sharti kwanza sehemu hiyo ipitishwe maji baridi yasiyo na chumvi, ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kusuguliwa, kisha ikaukie chini ya ubao ili isijikunje.

Ramani ya pili imechapwa juu ya plastiki nyembamba. Maji huteleza juu yake na haitanuki, ila alama ya penseli hufutika kwa kidole gumba chenye maji, na ukiikunja hufunguka yenyewe kama mwavuli mbovu. Wino nao hutegemea mashine iliyouchapa. Katika nakala hii niliyochapishiwa dukani, rangi ya zambarau ya duara la dira iliishia kwenye mkono wa koti langu la mvua, na kwa bei niliyolipa sikufurahi hata kidogo.

Mfuko angavu ndio wanaousifu wengi. Mimi nausifu kwa masharti. Ukiitia ramani ikiwa na unyevu, jua hugeuza unyevu huo kuwa mvuke usio na pa kutokea, na kuvu huanza. Jambo la hatari zaidi ni kwamba ukichora juu ya mfuko, karatasi huweza kuteleza ndani: katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, milimita 5 ni mita 250, na kwenye maingilio yenye miamba kosa hilo latosha kukupandisha mwambani. Kwa hiyo mfuko naupeleka juu kwa nahodha atazame tu. Kuchora nachora chini, kwenye karatasi yenyewe, nikiwa nimevua koti na kukausha mikono.

Bei ya karatasi ni kubwa, na machapisho yanapungua: Marekani ilihitimisha ramani zake za jadi za karatasi mwanzoni mwa 2025, na Uingereza, iliyotangaza mwaka 2022 kwamba ingeacha kufikia mwisho wa 2026, iliahirisha hadi angalau 2030. Ningenunua ile ya karatasi tena leo, pamoja na mfuko. Ile ya plastiki nimeigeuza kitambaa cha meza.