Punda wa mtoto: angalia mgongo kabla hujatoa hela

Mwaka juzi nilinunua punda dume wa rangi ya majivu kwa shilingi 380,000, kwenye mnada mmoja wa barabara ya Shinyanga. Nilimnunua kwa ajili ya binti yangu, wakati huo ana miaka 11, ili Jumamosi asibebe tena ndoo kichwani kutoka ziwani hadi kwetu hapa Magu, mkoani Mwanza, nusu saa nzima na mlima juu. Nilimkagua meno, nikamkagua kwato, nikasimama kumwona akila. Siku ya tatu binti akamwogesha ziwani. Maji yakatoka meusi kama ya kuoshea sufuria, na pale shingo inapoungana na mgongo likajitokeza baka jeupe, upana wa kiganja changu. Lilikuwa limepakwa masizi na mafuta.

Wiki hiyohiyo ngozi ile ikapasuka chini ya madumu. Punda akaruka, binti akaanguka, akachunika kiwiko na goti. Kwa miezi miwili hakutaka kusogelea mnyama yeyote mwenye kwato, hata mbuzi wa bibi yake. Nilipoanza kulisimulia jambo hili, mama wenzangu wa Nyanguge, Misungwi na Kwimba wakanipa visa vyao, na karibu vyote vilianzia palepale mgongoni.

Kwa hiyo umri na kwato sitavirefusha. Huku kwetu kila mtu anajua kufungua mdomo wa punda. Meno ya mbele ya ukubwani yakikamilika yote, ana miaka 5 au zaidi, na hapo ndipo anapomfaa mtoto. Mgongo ndio ambao watu hawaukagui.

Punda wetu wengi wana mstari mweusi unaoanzia shingoni hadi mkiani, na mwingine unaoukata mabegani, ukawa kama msalaba. Huo mstari ndio cheti chake. Ufuate kwa kidole, taratibu, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikuta umekatika na pameota nywele nyeupe, hapo palikuwa na kidonda. Mzigo uliokaa vibaya unabana ngozi, damu haipiti, na vile vijichembe vinavyozipa nywele rangi vinakufa. Kidonda kikipona, nywele zinaota nyeupe na hazibadiliki tena. Ngozi ya hapo inabaki nyembamba, haivutiki kama ya kwanza, na ukimrudishia mzigo inapasuka upya. Usichanganye na weupe wa tumboni na puani, huo amezaliwa nao.

Nenda mnadani asubuhi, jua likiwa upande, na ubebe kitambaa cheupe na chupa ya maji. Lowesha kitambaa, sugua mgongo wote kwa nguvu, kisha kiangalie. Vumbi linatoka la udongo. Masizi yanatoka meusi na yanateleza. Halafu weka kiganja shingoni ukibonyeze kwenda nyuma, kila upande wa uti wa mgongo, huku macho yako yakiwa kwenye masikio yake. Punda anaficha maumivu kuliko ng'ombe. Hatalia. Atalaza masikio, au ngozi itatetemeka, au atauinamisha mgongo kukukwepa. Muuzaji akisema usimloweshe atapata mafua, ondoka hapo.

Tena mvue gunia. Punda anayeuzwa akiwa na gunia mgongoni "ili asipigwe na jua" ndiye wa kumkagua mara mbili.

Sasa, punda yupi wa kumchagua kwanza, na yupi anafuata. Mimi wa kwanza kwangu ni punda jike wa Meatu, kule Simiyu, wa miaka 6 hadi 12, aliyekwisha kuzaa. Hapa sifichi mapenzi yangu. Nimewaona wa kutoka pande nyingi, na hawa wa Meatu wameniteka moyo kwa sababu wengi niliokutana nao wamekua katikati ya ng'ombe na watoto wachungaji. Mtoto akimshika kamba hamburuzi, anamfuata. Jike aliyezaa amezoea kiumbe mdogo kuzungukazunguka miguuni mwake. Huyu tuliye naye sasa nilimpata kwa mzee mmoja wa huko, nyumbani kwake. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", tukakaa chini ya mti, na kabla hatujagusa habari ya bei akamwita mjukuu wake wa miaka kama 8 amtembeze punda mbele yangu. Mtoto akapita nyuma yake, akamnyanyua miguu yote minne. Baadaye mzee mwenyewe akaniletea maji nimloweshe mgongo, bila kuombwa. Mstari ulikuwa mzima kama umechorwa kwa wino.

Wa pili ni dume aliyehasiwa mapema. Mtulivu, hasumbuliwi na majike ya jirani, na kwa mkokoteni anamzidi jike. Shida yake ni kumpata. Wengi hapa wanahasiwa wakiwa wamekwisha kukomaa, na ubabe unabaki.

Wa tatu, kama mfuko unaruhusu, ni punda wawili waliokua pamoja. Wanashikana kama ndugu, na ukimchukua mmoja peke yake utamsikia akilia usiku na kumkuta asubuhi barabarani akirudi alikotoka. Ukichukua mmoja tu, mlaze na ng'ombe au mbuzi.

Punda mchanga wa bei nafuu, hapana. Nani atamfundisha mwenzake, mtoto asiyejua au mnyama asiyejua? Dume mzima asiyehasiwa hata kwa bure usimpe mtoto, anauma.

Bei zenyewe zinaniumiza. Kiwanda cha kuchinja punda kilipofanya kazi Shinyanga, ngozi zikienda China kutengenezewa ejiao, dawa ya asili ya Wachina, punda walikauka vijijini na bei ikapaa. Mnyama huyu anabeba mimba kama miezi 12 na kuzaa mmoja, huwezi kuwavuna kama kuku. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Nilifurahi kweli. Lakini nenda mnadani leo umsikie dalali, bado anapanga bei kana kwamba kuna lori la ngozi linamsubiri nje. Na jamaa wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba, wananiambia kwao dalali alikuwa akiongeza hela ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kivuko hakuna tena, na ile hela imebaki ndani ya bei. Mwambieni aitoe. Mimi dalali wangu aliniita mama, akaniapia kwa watoto wake, na nilipomrudia na punda mwenye kidonda alinijibu kwamba punda si simu, hana waranti. Ndiyo maana sasa nasema nunua nyumbani kwa mfugaji, chukua barua ya mtendaji wa kijiji na kibali cha kusafirisha mifugo, na muuzaji aandike kwa mkono wake kwamba mgongo hauna kidonda wala kovu.

Ukishampata, usimharibu wewe. Punda wetu wana kilo kama 130, na theluthi ya uzito wake inamtosha. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 tayari, kwa hiyo mtoto anatembea pembeni, hapandi juu ya madumu. Tandiko shona mito miwili ya gunia, jaza nyasi kavu au nguo kuukuu, uache mfereji katikati ili mzigo ulalie nyama za ubavuni na uti wa mgongo usiguswe na kitu. Kila jioni binti yangu anaupitia ule mstari mweusi kwa kidole. Hakuna aliyemlazimisha.

Jike wetu ana mimba, atazaa karibu na masika. Mtoto wake ameshaombwa na watu watatu, mmoja ni dalali wa mnadani. Huyo nimemkatalia.