Dripu ya ndoo kwa nyanya za uani: uzoefu wangu hapa Tanga

Niseme mapema: seti hii ya dripu ya ndoo, yaani ndoo ya maji iliyoinuliwa na mipira inayodondoshea kila mmea tone kwa tone, imenilipa, na ikichakaa nitanunua nyingine. Muuzaji alinisifia kwamba itapunguza matumizi ya maji, na kweli imepunguza. Ila faida niliyoiona mimi ni nyingine kabisa, na ni kubwa zaidi: nyanya zangu zimeacha kuoza kitako, yaani upande wa chini wa tunda.

Naishi Makorora. Nyanya nimezipanda kwenye ndoo za rangi za lita 20, zile nyeupe, nikazipanga uani kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi. Ndoo nyeusi sizitaki, kwa jua letu hili zinachemsha mizizi. Ndani nimechanganya udongo, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ili yashike maji. Makumbi yaloweke kwanza na maji yake uyamwage mara kadhaa, maana yana chumvi. Na kila ndoo itoboe chini, mashimo ya kutosha.

Seti yenyewe nimeinunua duka la pembejeo hapa mjini kwa shilingi 45,000. Unapata chujio dogo, koki, mpira mkuu, na mipira myembamba yenye vitundu vya matone, kila kimoja na kijiti chake cha kuchomeka kwenye udongo. Ndoo ya maji unatafuta mwenyewe. Hakuna pampu wala umeme: ndoo unaipandisha juu ya matofali, kimo cha kama mita moja, maji yanashuka yenyewe. Kimo hicho kinatoa msukumo mdogo sana wa maji, kwa hiyo mpira lazima ulale sawasawa. Ukipinda juu mahali fulani, hewa inakaa pale na ndoo za mbele hazipati kitu. Siku ya kuifunga, kabla hujachomeka vijiti, weka kikombe chini ya kila kitundu, fungua koki, subiri robo saa, kisha vipange vikombe pamoja uvitazame. Vyangu vya mwisho vilikuwa nusu ya vya mwanzo. Nikainua ndoo kwa tofali moja zaidi na kuunyoosha mpira, vikakaribiana.

Kwa nini nahangaikia usawa kiasi hicho? Kwa sababu ya kitako. Jirani yangu aliingia uani msimu uliopita, akaokota moja akaniambia, "Mama, tungule zako zina ugonjwa hizi, tafuta dawa ya ukungu." Ukiitazama kwa karibu unaelewa kwa nini alidhani hivyo. Doa linaanzia kule chini, mbali na kikonyo, mwanzoni kama limelowa maji, halafu linageuka kahawia, mwisho jeusi, limebonyea na kukauka, huku juu tunda likiendelea kuiva kama kawaida. Lakini si ukungu na dawa haifanyi kitu. Tunda limekosa kalsiamu. Kalsiamu inasafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na majani ndiyo yanayovuta maji mengi, kwa hiyo yanajichukulia ya kwanza. Ndoo ikikauka mchana, hata kama udongo una kalsiamu tele, haifiki kwenye tunda. Kisha mtu akirudi jioni akaimwagia kwa wingi, zile zinazokaribia kuiva zinapasuka. Kwetu maji yalikuwa yanategemea nani yuko nyumbani, na hapo ndipo dripu ilipoleta tofauti. Mzao wa safari hii ukilinganisha na ule wa msimu uliopita, zenye kitako cheusi ni za kuokoteza.

Sasa malalamiko. Kijikaratasi cha maelekezo kinasema fungulia mara moja tu asubuhi. Kwa miche ni sawa. Kwa mnyanya uliokwisha beba, joto likiwa kali, ndoo ya lita 20 inaweza kuhitaji lita 2 hadi 3 kwa siku, na ukizitia zote kwa mkupuo nyingi zinatokea chini. Mimi nagawa: nusu alfajiri, nusu alasiri. Kabla ya kufungua nachomeka kidole hadi kiungo cha pili, nikikuta unyevunyevu wa kutosha nasubiri. Siku za mvua koki inafungwa.

Kijikaratasi hichohicho kinakwambia uchanganye mbolea zote mbili wanazouza pamoja na seti, ile ya NPK 19-19-19 ya kuyeyusha (yenye naitrojeni, fosfeti na potasiamu kwa viwango sawa) na kalsiamu naitreti, ndani ya ndoo moja. Usifanye hivyo. Nilijaribu kwanza kwenye glasi, kijiko cha hii na kijiko cha ile. Maji yakageuka meupe kama tui, baada ya muda mashapo yakatuama chini. Fosfeti ya kwenye NPK inashikana na kalsiamu, inakuwa kitu kisichoyeyuka. Mmea haupati hii wala ile, na vitundu vya matone vinaziba. Nilipomrudia kijana wa dukani na glasi yangu aliitazama, akasema, "Shikamoo mama, hili kweli sikuwahi kuliona," na nashukuru hakubishana. Zitie siku tofauti, basi. Kipimo changu ni kijiko cha chai cha msawazo kwa kila lita 5 za maji, karibu gramu moja kwa lita. Kidogo kidogo mara kwa mara ni bora kuliko dozi nzito mara moja, kwa sababu ndoo ni ndogo na mizizi haina pa kukimbilia. Maua yakianza, hamia kwenye mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Urea, mbolea ya naitrojeni, wacha kabisa hatua hiyo, utapata msitu wa majani na nyanya za kuhesabu.

Mara moja kwa wiki natia maji matupu hadi yachuruzike chini kwa wingi, yaoshe chumvi ya mbolea iliyobaki. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo, umechelewa kuosha. Anayetumia kisima chenye maji ya chumvi azingatie hili zaidi, na mbolea apunguze. Mimi natumia ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani, sina tatizo hilo.

Kasoro kubwa ya seti ni chujio. Wavu wake ni mpana mno, uchafu mdogo unapita. Nimefunga kipande cha kitambaa chepesi mdomoni mwa mpira ndani ya ndoo, nakiosha kila ninapojaza. Ndoo ya maji nayo iwe ya rangi nzito na yenye mfuniko, kinyume na ndoo za mimea: mwanga ukipenya, maji yanaota ukijani unaoziba kila kitu, na ikibaki wazi mbu wanataga. Vitundu vyangu vilivyoziba kwa chokaa nimevilaza usiku kucha kwenye siki, asubuhi nikavipuliza, vikafunguka vyote.

Kitu ambacho dripu haitakusaidia ni maua kupukutika wakati wa kaskazi. Januari hadi Machi hapa usiku wenyewe una joto, mnyanya unatoa maua na kuyaangusha hata ukiupa maji na mbolea barabara. Panga miche ili maua yaje wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Kwa ndoo napenda aina ya nyanya iitwayo Tanya kwa sababu ni fupi na haisumbui kuiegemeza. Aina nyingine, Anna F1, inazaa sana lakini inarefuka, itakutaka kamba, nguzo, na kukata maotea (vichipukizi vya pembeni) kila wiki.

Kama una ndoo mbili tatu tu, usitoe hizo 45,000. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, mfuniko umetobolewa kwa sindano, ukaichomeka kichwa chini kando ya shina na kuitoboa kidogo kitakoni ipitishe hewa, inafanya kazi ileile. Kuanzia ndoo sita kwenda juu, na nyumba ambayo mchana haina mtu, nunua seti, na chujio zuri ulinunue siku hiyohiyo.