Common App na barua za walimu: mfumo haukosei, tunachokosea ni kumchagua mwalimu

Common App ni tovuti inayomwezesha mwanafunzi kuomba nafasi katika vyuo zaidi ya 1,000, vingi vya Marekani, kwa akaunti moja. Msimu mpya hufunguliwa kila tarehe 1 Agosti. Tunachokipima hapa ni sehemu moja tu, ya barua za mapendekezo, kwa mwanafunzi wa kidato cha sita Tanzania. Sehemu hii imejengwa kwa shule yenye mshauri wa wanafunzi anayekaa ofisini na kompyuta yake. Shule nyingi za kwetu hazina mtu huyo, na mwalimu anasoma barua pepe kwenye simu kati ya kipindi na kipindi.

Kiufundi, kazi imefanywa vizuri. Unaongeza chuo kimoja, unajaza shule yako, kisha unatia saini fomu ya FERPA, sheria ya Marekani ya 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake. Unaulizwa kama unaachia haki ya kuzisoma barua. Achia. Barua ambayo mwandishi wake anajua utaisoma haiaminiwi sana, na wapo walimu wanaokataa kabisa kuandika kwa masharti hayo. Ukishamaliza hapo ndipo unaweka barua pepe ya mwalimu na mwaliko unamfikia.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaangusha wengi: kumwalika mwalimu hakutoshi, lazima uingie katika kila chuo na kumpangia hapo. Usipofanya hivyo barua inakaa kwenye mfumo na chuo hakiioni. Jambo jingine ni kwamba mwalimu huandika mara moja, na barua ileile huenda katika vyuo vyote ulivyompangia. Mwambie mapema asitaje chuo kwa jina. Barua inayosema kijana huyu anafaa sana Yale ikifika Princeton inachekesha, ila si kwa faida yako.

Tuje kwa nani aandike. Desturi yetu ni kutafuta cheo: mkuu wa shule, mbunge, mchungaji, rafiki wa baba aliye wizarani. Mfumo hauna hamu na vyeo. Vyuo vinavyochuja sana, kama Harvard, Yale na Princeton, vinataka walimu wawili wa masomo ya darasani, na anayefaa ni aliyekufundisha karibuni, yaani kidato cha tano na sita. MIT, ambayo ina mfumo wake nje ya Common App, inataka mmoja wa hisabati au sayansi na mwingine wa sanaa, jamii au lugha. Mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapo hukwama, kwa kuwa tahasusi yake yote ni sayansi; njia ya kawaida ni kumrudia mwalimu wa Historia au Kiingereza wa kidato cha nne. Vyuo vya University of California, kwa upande mwingine, kwa kawaida havitaki barua kabisa, kwa hiyo usimsumbue mtu.

Kati ya mwalimu ambaye kwake ulipata A bila jasho na yule uliyeanza kwake na D ukamfuata ofisini na maswali mpaka ukapanda, mchague wa pili. Fomu yenyewe inaonyesha kwa nini. Mbali na barua, mwalimu anajaza jedwali la sifa: uandishi, fikra za ubunifu, mchango katika mijadala ya darasa, uadilifu, jinsi mwanafunzi anavyopokea kushindwa. Asiyekuona ukishindwa ataweka alama ya kutokuwa na msingi wa kujibu. Mwalimu wa tuisheni anaweza kukufahamu kuliko wote, lakini mpe nafasi ya mpendekezaji wa ziada, kwa vyuo vinavyoiruhusu, asichukue nafasi ya mwalimu wa shule.

Jedwali hilo lina mtego ambao hatujaona ukielezwa vya kutosha. Ngazi ni saba: chini ya wastani, wastani, nzuri, nzuri sana, bora yaani asilimia 10 ya juu, ya kipekee yaani asilimia 5, na mwisho wachache sana ambao mwalimu amewahi kukutana nao, asilimia 1. Mwalimu wa kwetu ni mchoyo wa sifa. Kwake “nzuri” ni heshima kubwa. Kwa msomaji wa Marekani hiyo ni ngazi ya tatu kutoka chini. Si vibaya kumwonyesha mwalimu ngazi hizo kabla hajafungua fomu. Kumwambia aweke ngapi ndiko kubaya.

Ubaya mwingine ni ule wa mwalimu anayekwambia “andika mwenyewe, nitasaini”. Kataa kwa adabu, na badala yake mpelekee mwalimu karatasi moja: tarehe za mwisho, vyuo, mada mbili au tatu za darasani anazoweza kukumbuka, kazi uliyofanya, mahali ulipokwama. Bila hiyo utapata barua ya mtiifu, mchapakazi, mcha Mungu na mwenye ushirikiano, ambayo ingemfaa hata kiranja wa shule jirani. Wala usimfungulie mwalimu barua pepe kwenye simu yako; chuo kikipiga simu kuuliza, maombi yote yanatiliwa shaka.

Nafasi ya mshauri wa shule kwetu huchukuliwa na mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. Yeye hutuma ripoti ya shule na matokeo, na hapa cheo kinafaa kweli. Kazi yake kubwa ni kueleza mfumo wetu: kwamba pointi 3 za kidato cha sita ndiyo daraja la juu kabisa, si la chini, na kidato cha nne bora ni 7. Aandike sentensi hiyo waziwazi. Atahitajika tena Julai, matokeo ya NECTA yakitoka, kutuma ripoti ya mwisho, hivyo hakikisha unayo namba yake hata ukiwa JKT.

Maombi ya mapema hufungwa 1 Novemba kwa vyuo vingi, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Omba barua mwanzoni mwa Septemba, ana kwa ana, kabla mwaliko haujatumwa, na mwambie aangalie kwenye barua taka. Wewe tuma maombi yako bila kusubiri barua, maana huenda kila moja kivyake. Mwalimu akichelewa siku chache vyuo vingi humvumilia. Mwanafunzi akichelewa, mara nyingi hapana.