Uzoefu wangu na vitabu vya picha za ndege za kivita: pa kutazama kabla hujalipa

Kitabu cha picha cha historia ya ndege za kivita nakipima kwanza kwenye kivuli cha chini ya bawa. Fungua picha yoyote ya nyeusi na nyeupe ambayo ndege imeegeshwa juani, utazame pale magurudumu yanapoingilia. Uchapaji mzuri unakuonyesha mifuniko, mabomba na mistari ya ribiti humohumo kivulini. Uchapaji mbaya unakupa doa jeusi. Kisha panda juu kwenye mawingu: yakiwa meupe pe, bila mkunjo hata mmoja, tofauti ya weusi na weupe wa picha imekazwa ili ivutie haraka na rangi zote za kijivu za katikati zimeshapotea. Bei ya kitabu cha namna hii yote iko kwenye picha, kwa hiyo hapo sina huruma.

Vinavyofika Mbeya ni vya aina tatu: mitumba ya jalada gumu kutoka Ulaya na Marekani, vipya vya kuagiza vinavyopanda na basi kutoka Dar, na vile vinavyochapwa nakala mojamoja mteja anapoagiza. Hii ya tatu siipendekezi kwa picha. Mara nyingi karatasi yake haijapakwa tabaka laini la juu, inanyonya wino, nukta zinavimba, na ndege ya rangi ya fedha inayong'aa inatoka kijivu kama saruji. Mitumba mizuri inaishinda kwa mbali hata ikiwa na umri wa miaka 40. Vingi vya zamani vina picha kwenye mafungu ya karatasi ya kung'aa yaliyowekwa katikati ya maandishi. Hesabu mafungu hayo kabla ya kulipa, maana ndiyo yanayonyofolewa.

Beba kioo cha kukuzia mara 10. Picha ya kitabu ni nukta, na zikiwa ndogo na zimejipanga sawasawa, uko salama. Ukiona mawimbi yanayopishana kama kitambaa cha chandarua, picha hiyo ilichukuliwa kutoka kwenye kitabu kingine na haikutoka kwenye negativu, yaani filamu ya asili. Kuna na tatizo la picha ndogo iliyovutwa. Ukurasa wa sentimeta 28 ni kama inchi 11. Kwa pikseli 300 kwa kila inchi, picha inahitaji pikseli 3,300 kwa upana. Mchapishaji akichukua ya pikseli 1,200 mtandaoni anabaki na 109 tu kwa inchi, na namba ya mkiani inakuwa ukungu. Picha nyingi za jeshi la Marekani hazina hakimiliki, ndiyo maana zilezile zinazunguka kitabu hadi kitabu. Kitabu chenye picha za albamu za marubani na mafundi nakilipia zaidi bila kusita.

Halafu maelezo chini ya picha. Hapa ndipo vitabu vingi vizuri kwa macho vinapoanguka. Ndege ya Kisovieti MiG-15 ina vibao viwili vya wima juu ya kila bawa, MiG-17 ina vitatu. Hesabu, usimwamini mwandishi. Spitfire ya Uingereza, toleo la Mk V, ikitazamwa kwa mbele chini ya mabawa haina ulinganifu, upande mmoja rejeta kubwa, upande wa pili kipoza mafuta kidogo, na pangaboi lake kwa kawaida ni la mapanga matatu. Mk IX ina masanduku mawili yanayolingana na mapanga manne. Picha iliyogeuzwa kushoto-kulia nayo inajulikana: mdomo wa kuvutia hewa wa ndege ya Kijerumani Bf 109 uko ubavu wa kushoto wa injini, na mlango wa rubani wa Spitfire uko kushoto pia. Ukiuona kulia, negativu iliwekwa kinyume na hakuna aliyekagua.

Picha zilizopakwa rangi na kompyuta nazikataa kabisa kama ushahidi. Filamu nyingi za zamani hazikuihisi rangi nyekundu, na njano ziliitoa nyeusi-nyeusi. Ile duara ya njano inayozunguka alama ya ndege za Uingereza kwenye filamu hizo inaonekana kama pete ya giza, na anayepaka rangi bila kulijua hilo anaipaka buluu. Msomaji mpya anabaki na alama ambayo haikuwahi kuwepo.

Kwetu sisi nakagua pia kama Afrika Mashariki imo. Kitabu kizito cha Vita Kuu ya Kwanza kinapaswa kugusa Rufiji, ambako tarehe 11 Julai 1915 meli ya Kijerumani Königsberg ilimalizwa na mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey huku ndege zikielekeza shabaha kutoka juu. Kuhusu Vita vya Kagera vya 1978–1979, ambako Uganda ilitumia MiG-17 na MiG-21, vikubwa nilivyovipitia havitoi zaidi ya aya moja. Hilo linaniuma kwelikweli.

Ufungaji ni muhimu kuliko jalada. Tazama juu ya uti wa kitabu, pale kurasa zinapoungana: mafungu ya kurasa 16 yaliyoshonwa yanaonekana kama vilima vidogo, na kitabu kinalala wazi. Kilichobandikwa gundi tu hakifunguki hadi ndani, picha ya kurasa mbili inameza chumba cha rubani katikati, na asubuhi za baridi za Juni na Julai gundi kavu inapasuka ukikilazimisha.

Kitabu cha A4 chenye kurasa 300 za karatasi ya gramu 150 kwa mita ya mraba kinafika karibu kilo 1.4 kabla ya jalada. Kikisimama chenyewe kwenye rafu, uzito unavuta kurasa hadi zinachomoka kwenye uti, hivyo kilaze. Wakati wa masika ya huku, na Tukuyu zaidi, kiweke mbali na ukuta na usikifunge kwenye nailoni. Karatasi ya kung'aa ikilowa, tenganisha kurasa zikiwa bado mbichi na uweke karatasi kavu kati yake, kwa sababu zikikauka zimeshikana, ukiziachanisha picha inabanduka na kubaki upande mmoja.