Kahawa ya nyumbani katika duka la usharika: tathmini ya Weltladen moja nchini Ujerumani

Katika mji mmoja wa eneo la Ruhr, nchini Ujerumani, kuna chumba cha chini katika nyumba ya usharika wa Kiinjili ambacho siku nne kwa wiki huwa duka. Wajerumani huliita duka la namna hii Weltladen, yaani duka la dunia, linalouza bidhaa za biashara ya haki, na wauzaji wake ni wazee wa usharika wanaojitolea bila malipo yoyote. Nimekuwa mteja hapo kwa miaka mitatu sasa. Kwa kuwa nimezaliwa Kagera, katika kibanja chenye migomba na mibuni, nitalipima duka hili kwa bidhaa ninayoijua tangu utotoni, nayo ni kahawa.

Kahawa hiyo inatoka kwa GEPA, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975 na ambayo wenye hisa wake hadi leo ni mashirika ya kanisa, yakiwemo Misereor ya Wakatoliki na Brot für die Welt ya Waprotestanti. Makao yake yako Wuppertal, mji usio mgeni kwa msharika wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), maana huko ndiko iliko VEM, jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ambayo dayosisi yetu ni mwanachama wake. GEPA imekuwa ikinunua kahawa kwa chama kikuu cha ushirika cha KCU cha Bukoba kwa miaka mingi, na nilipoisoma anwani ya Wuppertal kwenye pakiti kwa mara ya kwanza, nilihisi kama nimekutana na jirani.

Pakiti niliyonunua mara ya mwisho ilikuwa ya gramu 250, mchanganyiko wa kahawa za nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Ni nzito mdomoni, ina uchungu wa robusta usiokwaruza koo, na inapochemshwa polepole kwenye sufuria hutoa harufu inayonikumbusha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambacho mama alikuwa akimwekea mgeni kabla hata hajamuuliza habari za safari. Kwa ladha sina lawama.

Bei yake iko juu kuliko ya pakiti nyingi za dukani, na mteja ana haki ya kuuliza tofauti hiyo inakwenda wapi. Sehemu moja haifiki kwa mkulima kamwe: serikali ya Ujerumani hutoza kodi ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, yaani takriban senti 55 katika pakiti yangu, bila kujali kama kahawa hiyo ilinunuliwa kwa haki au kwa dhuluma. Kwa upande wa mkulima, kanuni za Fairtrade, mfumo wa kimataifa wa kuthibitisha biashara ya haki, tangu Agosti 2023 zinaweka kima cha chini cha dola 1.20 kwa kila ratili ya robusta iliyokaushwa na maganda yake, pamoja na nyongeza ya senti 20 za dola kwa ajili ya shughuli ambazo wanaushirika wenyewe huchagua. Ni vema ieleweke kwamba kima hicho hulipwa kahawa inaposafirishwa nje. Kabla ya fedha kumfikia mwenye kibanja, chama kikuu na chama cha msingi vina gharama zao. Soko la dunia lilipopanda mwaka 2024, bei ilikipita kima hicho kwa mbali, lakini aliyewahi kuona bei ikianguka anajua kwa nini sakafu inahitajika hata siku ambazo hakuna anayeikanyaga.

Jambo ambalo kadi za maelezo dukani hazilisemi ni butura. Kwetu butura ni kuuza kahawa ikingali maua au punje changa mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule inadaiwa leo na mavuno yako mbali. Imepigwa marufuku, lakini shida haijui marufuku. Nilikuwa darasa la sita nilipomwona mnunuzi akipita kibanjani kwetu akihesabu mibuni kwa kuigusa kwa fimbo, na mzee wangu akimfuata nyuma kimya, mikono mgongoni. Mei ilipofika tulichuma wenyewe kahawa ambayo haikuwa tena yetu. Bei ya haki haimsaidii mkulima aliyekwisha kuuza kabla ya mizani, na ndiyo maana naona malipo ya awali kwa vyama vya ushirika, yanayotolewa kabla ya mavuno, yana uzito kuliko picha yoyote ya mkulima anayetabasamu.

Dirishani limebandikwa bango la haki ya tabianchi. Nalikubali kwa moyo wote, ila lingekuwa na nguvu zaidi kama lingeonyesha kibanja chenyewe, ambamo mbuni huishi chini ya kivuli cha mgomba na miti mikubwa, na ambamo mvua zikichelewa maua hupukutika pamoja na ada ya mwaka unaofuata. Rafu ya jirani ina mafuta ya zeituni ya Palestina, na mama anayeuza siku za Jumatano hueleza bila haraka kwa nini usharika uliamua kuyauza, akianzia mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni wa Vancouver wa mwaka 1983, ambao uliyaita makanisa kushughulikia haki, amani na uumbaji kama jambo moja.

Kasoro ninazoziona dukani ni mbili. Duka hufungwa saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi saa saba mchana, hivyo anayefanya kazi kiwandani kwa zamu hulikuta limefungwa. Pia kahawa yote ya rafuni imekaangwa Ulaya, ilhali Bukoba tuna kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya unga. Kopo moja la huko lingestahili nafasi hapo.

Nilipomweleza mama wa Jumatano habari za butura, alichukua penseli, akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaliandika neno hilo nyuma ya kadi ya kahawa ya Tanzania. Wiki iliyofuata kadi ilikuwa imechapwa upya.