Stabat Mater mbili za Napoli katika albamu moja

Aliyezoea kuhesabu mizani atavutiwa na Stabat Mater, shairi la Kikatoliki, hata kabla ya kuisikia ikiimbwa, kwa kuwa kila ubeti una mistari miwili ya mizani nane yenye kina kimoja, kisha mstari wa tatu wa mizani saba ambao kina chake husubiri hadi mwisho wa ubeti unaofuata. Beti ni 20, za Kilatini cha karne ya 13, na zinamwonyesha Bikira Maria akiwa amesimama chini ya msalaba wa Mwanawe; Wakatoliki wamezoea kuziimba kati ya kituo na kituo cha Njia ya Msalaba.

Albamu hii ya kundi la wanamuziki la Concerto Italiano, likiongozwa na Rinaldo Alessandrini, ina tungo mbili za muziki wa beti hizo: wa mtunzi Alessandro Scarlatti na wa mtunzi Giovanni Battista Pergolesi. Inasimuliwa kwamba chama cha waumini wa Napoli, kilichokuwa kikitumia utungo wa Scarlatti wakati wa Kwaresima, kilimwagiza Pergolesi atunge mwingine wa kushika nafasi yake, kwa sauti zile zile mbili, soprano (ya juu) na alto (ya chini yake). Pergolesi alifariki Pozzuoli mwaka 1736, akiwa na umri wa miaka 26.

Utungo wake unaanza kwa besi inayotembea taratibu, na juu yake sauti mbili zinaingia zikiwa zimekaribiana mno hata zinakwaruzana. Moja inashuka kuipisha nyenzake, kisha inapanda tena na mkwaruzo unarudi. Waimbaji Gemma Bertagnolli (soprano) na Sara Mingardo (alto) hawaukimbii mkwaruzo huo. Katika sehemu ya "Vidit suum", maneno yanayosema kwamba Mwana alikata roho yamekatwakatwa kwa vituo vya kimya, na Bertagnolli anayatoa kama mtu anayetafuta pumzi. Kinyume chake, "Quae moerebat" inarukaruka mno kwa maneno ya mama anayeomboleza. Padre Martini wa Bologna, mwalimu wa muziki, alilalamika katika karne hiyo hiyo ya 18 kwamba muziki wa Pergolesi unanukia opera za kuchekesha, nami kwa wimbo huu mmoja namuunga mkono, ingawa sauti nzito ya Mingardo inauokoa kwa kiasi.

Scarlatti hana utamu wa haraka namna hiyo. Mara ya kwanza niliuona utungo wake mkavu, lakini sasa ndio ninaourudia zaidi, kwa sababu huzuni yake haibadiliki kuwa ngoma hata mahali pamoja.

Ninashauri kununua diski yenyewe. Programu ya kusikilizia muziki niliyoitumia mwanzoni ilikuwa ikipachika ukimya wa sekunde mbili baina ya nyimbo, na kwa Pergolesi hasara yake ni kubwa: "Quando corpus", ubeti wa mwisho, inafifia karibu kuzimika, na "Amina" inapaswa kuirukia hapo hapo.