Unataka kubadili rangi za plastiki za gari mwenyewe? Anza kununua hivi

Kabla hujatoa hela yoyote chomoa hicho kipande, kigeuze, utakuta kimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo aina ya plastiki yake, ABS au PP au PP+EPDM (PP iliyochanganywa na mpira), na hapo ndo kila kitu kinaamuliwa. ABS inapokea rangi bila shida. PP haitaki kushikwa na kitu, hata gundi nyingi zinaachia. Mi nilipuliza rangi ya kawaida ya kopo kwenye fremu ya gia bila kuangalia, ikapendeza wiki mbili, halafu ikaanza kumenyeka palepale kiganja kinapopita, ukigusa na kucha inatoka ganda zima.

Kati ya vitu vya kununua, namba moja kwangu ni rangi ya kupuliza ya plastiki na vinaili (ile plastiki laini kama ngozi), ile inayonyumbulika, mfano SEM Color Coat. Tabaka lake ni jembamba, ule mkunjokunjo wa plastiki kama ngozi hauzibi, so kipande kinabaki kama kimetoka kiwandani na rangi hiyo. Kama ni PP ongeza praima ya kushikisha plastiki, tafadhali usiiruke. Na kazi kubwa iko kwenye kuosha, maana zile dawa za kung'arisha dashibodi nyingi zina silikoni, rangi ikikutana nayo inakimbia inaacha vishimo vya mviringo, kwa hiyo sabuni ya vyombo kwanza, sugua na dodoki la kijivu la mafundi rangi, suuza, kausha, futa na spiriti, ndo upulize kidogokidogo mara tatu nne, nje kwenye hewa na maski usoni.

Ya pili sitika ya kufunika kipande kizima. Nzuri kwa vipande vilivyonyooka, na ukichoka unabandua. Uliza ile ya kasti (cast kwa Kiingereza), maana ya bei rahisi ukiivuta kwenye kona inajirudi yenyewe baada ya siku kadhaa na ncha zinanyanyuka.

Ya tatu rangi ya mpira, ile unayoweza kuibandua baadaye, Plasti Dip na wenzake. Kwa grili na nembo iko poa, ila usibanie, piga mikono mitano hivi, ikiwa nyembamba siku ya kuibandua itakatikakatika vipande vidogo utalia. Petroli inaiyeyusha, kwa hiyo karibu na mfuniko wa tenki hapana.

Dawa za kurudisha weusi naziweka mwisho kwa sababu zinafufua tu plastiki ya nje iliyopauka, rangi nyingine hupati.

Kifuniko cha eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea) usikiguse kabisa, kile kimetengenezwa kichanike kwa namna yake mfuko ukifumuka.

Ukishanunua jaribu upande wa nyuma wa kipande kwanza, kiache siku mbili, bandika selotepu uivute kwa nguvu, ikitoka na rangi rudi ukaoshe upya.